Mpishi wa Soko la Aberfelin

Lleucu aliipata habari ile kabla hata hajavua koti. Muuza maua alimwambia mlangoni, Gethin wa jibini akamwambia tena alipopita, na alipofika kwenye jiko lake katikati ya ukumbi wa soko alimkuta Bi. Eluned amekalia kiti chake, mkoba mapajani, uso wa mtu aliyekuja na shughuli.

"Najua," Lleucu alisema. "Yuko mjini."

"Amelala kwenye ile hoteli ya darajani. Asubuhi kaomba mayai na mkate hakumaliza." Bi. Eluned alishusha sauti. "Kanenepa kidogo. Kumempendeza."

"Sijakuuliza, Bi. Eluned."

"Nami nimekwambia bure."

Aberfelin, katika mabonde ya Welisi, ni mji ambao mtu huitwa kwa kazi yake, na jina hilo hukaa naye hadi kaburini. Bi. Eluned alikuwa Eluned Sufu, kwa duka lake la mablanketi pale Barabara ya Juu, na ndiye mwenyekiti wa chama cha wenye maduka. Baba yake Lleucu, mwenye bucha mkabala na kanisa, alikuwa Meurig Nyama. Lleucu mwenyewe, tangu aliporithi meza ya bibi yake na kuigeuza kuwa mahali ambapo watu walisafiri kutoka mabonde ya jirani kuja kula, alikuwa Lleucu Kikaango. Iestyn, huyo mgeni wa hotelini, peke yake hakuwa na jina la kazi. Aliondoka kabla mji haujampa.

"Anaandika ule ukurasa wa gazeti la Jumamosi," Bi. Eluned aliendelea. "Wapi pa kununua na wapi pa kula. Kila wiki mji mmoja, na zamu hii ni yetu. Unajua maana yake? Mji uliokuwa kwenye ukurasa huo mwezi uliopita, watu wamekosa hata pa kuegesha magari. Sasa anahitaji mtu wa kumtembeza."

"Mtembeze wewe."

"Mimi nitambembeleza. Gethin atambembeleza. Hapa sote tutamchekea mpaka atuone wajinga. Wewe huwezi kumbembeleza, mwanangu. Ndiyo maana tumekuchagua."

"Mmenichagua lini?"

"Jana jioni. Hukuwapo."

Lleucu aliwasha moto chini ya bamba la chuma, akamwaga unga bakulini, akaanza kuusugua na siagi kwa ncha za vidole. Mikono yake ilijua kazi, ilimwacha afikiri. Alifikiria mwaka ule waliochumbiana, wote wawili wanafunzi wa jiko moja kule Cardiff, na nafasi mbili za kazi zilizokuwa zikiwangoja London. Kisha bibi akaanguka jikoni kwake na Lleucu akaomba, tungoje kidogo. Iestyn hakungoja. Kituoni, basi limeshawashwa, alimwambia maneno ambayo yalimkaa kooni miaka tisa: *Hapa hakuna cha kununua wala cha kula, Lleucu. Hapa kuna mvua na kondoo.*

Hakuwa amekosea kabisa, hilo ndilo lililouma. Mwaka ule nusu ya maduka ya Barabara ya Juu yalikuwa yamefungwa, madirisha yamebandikwa magazeti. Lakini waliobaki walibaki. Walianza kununuliana wao kwa wao, halafu vijana wachache wakarudi, dirisha moja likafunguliwa, la pili likafuata. Lleucu alikuwa miongoni mwao tangu siku ya kwanza.

"Nitamtembeza," alisema. "Kwa ajili ya mji."

"Kwa ajili ya mji," Bi. Eluned alirudia, na kwa busara yake hakuongeza neno.

*

Alimkuta amesimama nje ya ukumbi, mikono mfukoni, anatazama saa ya mnara kana kwamba ndiyo aliyokuja kuiona. Nywele zilikuwa zimeanza kuota mvi karibu na masikio. Macho yalikuwa yaleyale, ya kijivu, macho ambayo hayakuwahi kujua kuficha kitu. Yalipomwona yalitua usoni mwake yakabaki hapo.

"Lleucu."

"Iestyn. Viatu vyako vitalowa. Umesahau tunavyoishi?"

"Sikusahau chochote."

"Basi twende. Mchana nina wateja, sina siku nzima."

Alitembea mbele, kichwa juu, bila haraka. Hakumweleza kitu. Alimwingiza dukani kwa Bi. Eluned, akamwacha avute mablanketi kutoka rafuni, yale mazito ya pande mbili, mekundu na ya buluu ya bahari, yaliyofumwa kwenye kiwanda kidogo kando ya mto. Alimwona akilishika moja na kuliinua hadi shavuni, kama mtoto.

"Mama yangu alikuwa na moja kama hili," Iestyn alisema.

"Hilo hilo," Bi. Eluned alimjibu. "Mama yako, Mungu amrehemu, alilinunua hapa siku ya harusi yake. Ulilikojolea ulipokuwa mdogo, akanirudishia nimfulie. Andika hilo kwenye gazeti: yanafulika."

Lleucu aligeuka upande wa dirisha ili asionekane anacheka. Kwenye kioo aliona kwamba Iestyn hakuwa akimtazama Bi. Eluned. Alikuwa anautazama mgongo wake.

Kwa Gethin alionja jibini jeupe lenye chumvi kidogo, lililokatwa mbele yake, akafumba macho. Kwenye meza ya kombe za baharini, mwanamke aliyetoka pwani alfajiri alimpa kikombe kilichojaa, kimetiwa siki na pilipili manga, naye akala amesimama kama walivyokula wote. Kwenye duka la vitabu vya Kiwelisi alikuta viti vimepangwa kwa kikao cha jioni. Kila alipoingia watu walimsalimia kwa jina, wakamwuliza habari za mjomba wake, wakamwuliza kama London kuna mvua. Hakuna aliyembembeleza. Lleucu aliona fahari ikimpanda kifuani pole pole kama maji ya moto kwenye chupa, na akaona pia kwamba Iestyn alikuwa ameacha kuandika kwenye simu yake.

"Duka hili halikuwapo," alisema nje ya duka la viatu vya ngozi.

"Halikuwapo."

"Na lile la mikate?"

"Lilifungwa uliposafiri. Lilifunguliwa tena mwaka wa tatu. Mwokaji ni kijana wa Tregaron, alioa hapa."

"Nani alifanya yote haya?"

"Waliokuwapo," Lleucu alisema.

Iestyn aliitikia kwa kichwa. Waliendelea kutembea. Mahali pembamba, penye ngazi za kushukia kwenye uwanja wa kanisa, bega lake liligusa la Lleucu, wala hakuna aliyeomba radhi.

*

Bucha ya Meurig ilikuwa imejaa, kama kila Jumatano. Mzee alikuwa nyuma ya meza yake ya marumaru, aproni yenye mistari, kisu mkononi. Aliwaona wakiingia, akaendelea kukata mbavu. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikaa kimya kwa pamoja, kimya cha watu wasiotaka kukosa neno.

Zamu ya Iestyn ilifika.

"Anayefuata," Meurig alisema, akimtazama mama aliyekuwa nyuma yake.

"Mzee Meurig," Iestyn alisema. "Ni mimi."

"Nakuona. Anayefuata."

"Naomba kununua soseji tu, Mzee. Zile za vitunguu liki."

"Zimekwisha."

Zilikuwa zinaning'inia juu ya kichwa chake, safu nzima. Mtu mmoja alikohoa.

"Baba," Lleucu alisema kwa upole, "muuzie."

"Namuuzia nani? Mimi nina wateja, na nina wapita njia. Mteja namjua, anarudi. Huyu ni mpita njia. Mpita njia akale hotelini." Meurig alikiweka kisu chini. "Kijana, wewe unaonja vya watu na kuwapa alama, ndivyo wanavyoniambia. Basi na mimi nikupe yako. Binti yangu alikaa dirishani mwaka mzima..."

"Sikukaa dirishani," Lleucu alisema.

Hakuinua sauti, lakini baba yake alinyamaza.

"Sikukaa dirishani, baba, na usiwaambie watu hivyo. Nililia wiki moja. Halafu nikamuuguza bibi, nikamzika, nikaichukua meza yake. Nilikuwa na kazi. Mwenye muda wa dirishani ni nani hapa?"

Mama aliyekuwa nyuma alisema polepole, "Kweli kabisa," kisha akajifanya anatafuta pochi.

Iestyn alikuwa amewiva uso mzima. "Ana haki ya kukasirika, Lleucu. Mwache aseme."

"Ana haki. Ila aseme ya kweli."

Meurig alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Kitu fulani kililegea kwenye mdomo wake, kikakazika tena. "Anayefuata," alisema.

*

Kufika mchana ukumbi wa soko ulikuwa unavuma. Lleucu alimkalisha Iestyn kwenye kona ya benchi ndefu, katikati ya dereva wa lori na wasichana wawili wa benki, akarudi jikoni. Alimpakulia kama alivyowapakulia wengine: kwanza mkate wa mwani, yaani mwani uliochemshwa na kupondwa, mweusi na laini, umekaangwa pamoja na kombe, kisha cawl, supu ya shingo ya kondoo iliyolala motoni tangu jana pamoja na liki na viazi, na kipande cha jibini la Gethin pembeni, na mwisho, moja kwa moja kutoka kwenye chuma, keki nyembamba zenye zabibu, zimepakwa sukari zikiwa bado za moto.

Hakumtazama akila. Alijiambia hatamtazama, na kwa sahani mbili aliweza. Kwa keki alishindwa. Aliinua macho juu ya mvuke akamwona Iestyn ameshika keki kwa mikono miwili, haitafuni, machozi yamesimama kwenye kope. Dereva wa lori alimsogezea kikombe cha chai.

Wateja walipopungua alikuja kwenye kaunta. Lleucu alikuwa anafuta bamba la chuma kwa kitambaa.

"Nimekula kwenye majumba makubwa," Iestyn alisema. "Paris, Tokyo, kila mahali. Kila nilipokaa mezani nilikuwa nakulinganisha wewe na mpishi wa pale. Kila mara. Hakuna mtu anayejua hilo."

"Sasa najua mimi."

"Sijaoa, Lleucu."

"Hilo nalo nilishaambiwa. Mji huu unaambiwa kila kitu."

"Na wewe?"

"Nilikaribia, mara moja. Mtu mwema wa Cardigan. Alitaka niache meza." Alikikunja kile kitambaa. "Sikuiacha."

Mkono wa Iestyn ulikuwa juu ya kaunta, karibu na wake. Kovu la zamani lilikuwa bado kwenye kidole gumba, la siku ile alipomnyang'anya Lleucu sufuria ya moto wakiwa wanafunzi. Lleucu aliliona, na moyo wake ulikwenda mahali ambapo hakuutuma. Angeweza kuugusa mkono ule. Pengine angeugusa, kama Iestyn asingefungua kinywa.

"Nisikilize," alisema, akiinama karibu, uso unang'aa. "Nina habari njema kwako. Kuna mtu London, rafiki yangu, ana nyumba nzuri sana mtaani Marylebone. Anataka kufungua mahali pa chakula cha Kiwelisi. Cha kweli, kama hiki. Nilimweleza habari zako. Jina lako litakuwa mlangoni, Lleucu. Jiko lako, watu wako, yeye anatoa kila kitu. Nimeshamwambia utakuja kuona Jumatatu."

Kitambaa kilisimama.

"Umeshamwambia."

"Nilitaka iwe zawadi."

"Ulimwambia lini? Kabla hujaja?"

"Wiki iliyopita."

"Kabla hujaonja chakula changu cha leo. Kabla hujajua kama niko hai vizuri au vibaya, kama nina mume au sina. Ulikaa London ukaamua kwamba Lleucu anangoja kuokolewa."

"Sikusema kuokolewa. Lakini kipaji kama chako, hapa..." Aliacha, akiwa amechelewa.

"Hapa nini? Malizia."

"Hapa kinapotea."

Wasichana wa benki, waliokuwa wanavaa makoti, waliacha kuvaa. Gethin aliacha kupanga jibini. Lleucu aliweka viganja vyote viwili juu ya kaunta, akamtazama mtu aliyempenda, maana alikuwa bado anampenda. Alikuwa amejua hivyo tangu pale kwenye ngazi za kanisa, na kujua huko hakukumpunguzia hasira hata kidogo.

"Yule dereva aliyekusogezea chai mke wake alifariki mwezi wa pili," alisema. "Anakula hapa kila Jumatano kwa sababu nyumbani hakuna wa kula naye. Huyu msichana niliipikia harusi ya dada yake. Liki zangu zinatoka bonde hili, jibini meza ya pili, nyama kwa baba yangu, na kondoo wa nyama hiyo nimewaona wakila majani mlimani. Mimi nikihama, Gethin atauza nusu. Baba yangu atauza nusu. Hii si meza, Iestyn. Hii ni kamba, na tumeishika watu wengi. Wewe unaona kipaji kinapotea. Kimepotelea wapi? Nionyeshe. Leo kimeingia tumboni mwako ukalia."

Alikichukua tena kitambaa.

"London wanataka kula cha Welisi?" alimalizia. "Treni zipo. Waje."

Iestyn alisimama wima. Alikuwa mweupe kama unga. "Nilidhani nakuletea kitu."

"Uliniletea London. Mimi ningetaka uje mwenyewe."

Alichukua koti lake. Mlangoni aligeuka, akafungua kinywa, akaona nyuso zote zinamtazama, akatoka. Baada ya muda mfupi basi la kwenda stesheni lilisikika likipanda mlima.

*

Meurig alikuja jioni, wenye meza walipokuwa wanafunika bidhaa zao. Aliketi kwenye benchi akaweka kofia yake kando.

"Nasikia umemfukuza."

"Ameondoka mwenyewe. Njia anaijua."

"Nasikia ulisema mambo makubwa. Gethin ameyarudia mara tatu kwenye baa, kila mara yanazidi kuwa marefu." Alisugua goti lake. "Ulinitaja."

"Nilikutaja, baba."

"Vizuri." Aliigusa kofia yake. "Mama yako alikuwa hivyo. Shingo ngumu. Nilimposa mara ngapi sijui." Akatazama sakafu. "Unampenda bado?"

Lleucu alitaka kusema hapana. Aliangalia mikono ya baba yake, iliyochoka, yenye harufu ya sabuni na chumvi, akashindwa kuidanganya.

"Nampenda. Lakini siwezi kuwa mdogo ili nienee mkononi mwake."

"Usiwe," Meurig alisema.

Mlango mkubwa wa ukumbi ulisukumwa. Iestyn aliingia, maji yanamchuruzika kutoka kwenye nywele, viatu vyake vya London vimekuwa rangi ya tope. Nyuma yake, akiwa na mwavuli na pumzi fupi, alikuja Bi. Eluned, ambaye alikuwa amemwona akipita dirishani kwake na hangeweza kukaa nyumbani hata kwa kufungwa kamba.

"Niliteremka basi kule juu, penye kanisa dogo," Iestyn alisema. "Nimerudi kwa miguu."

"Umeloa," Lleucu alisema.

"Nimempigia yule mtu. Nimemwambia mpishi niliyemsifia ana mahali pake tayari, na kwamba nilikosa adabu kulitoa jina lake bila kumwuliza." Alivuta pumzi. "Gazetini nimewaambia pia. Ukurasa wa Aberfelin sitauandika mimi."

Bi. Eluned alishika kifua. "Ukurasa wetu?"

"Utaandikwa, Bi. Eluned. Atakuja mwenzangu, siku yake siwaambii. Mimi siwezi. Mtu hawezi kuandika habari za mwanamke anayempenda na watu wakamwamini." Alimgeukia Lleucu. "Kile nilichosema kituoni, zamani, kilikuwa uongo hata siku ile. Nilijua kuna cha kula hapa. Nilikula kwenu kila Jumapili. Niliogopa kwamba nikibaki nitakuwa mtu wa kawaida. Leo nimewaona watu wa kawaida. Sijafika walipo."

Meurig alikohoa.

"Nataka kukaa," Iestyn alisema. "Nikipata chumba hapa, nikipata kazi yoyote jikoni kwa mtu, utaniruhusu?"

"Mji si wangu. Kukaa Aberfelin huhitaji ruhusa yangu."

"Na wewe?"

"Kuwa na mimi, hapo ndipo unapohitaji ruhusa yangu."

Alimwacha asimame pale. Haikuwa ukatili. Alikuwa anataka kumtazama vizuri, mtu huyu aliyelowa, na kuhakikisha kwamba anamtazama yeye wa leo, wala si yule kijana wa kituoni. Alizunguka kaunta akasimama mbele yake. Harufu ya sufu mbichi ilitoka kwenye koti lake, na chini yake harufu yake mwenyewe, ambayo mwili wa Lleucu uliitambua kabla akili haijasema lolote.

"Mara ya mwisho kupika ni lini?" alimwuliza.

"Kupika kweli? Sikumbuki."

"Umeonja vya watu miaka yote, hujampikia mtu. Basi Jumapili unipikie mimi. Kila kitu ununue hapa mjini. Liki, jibini, mkate, nyama. Uingie dukani mwa kila mtu uliyemtembelea leo, usiwe mwandishi, uwe mtu mwenye kikapu. Watakaokuuzia, watakuuzia. Ukipata kila kitu, nitakuja kula, na nikishakula nitakujibu."

"Kila kitu," Iestyn alirudia, na macho yake yakateleza polepole kuelekea kwenye benchi.

Meurig Nyama alikuwa anaisafisha kofia yake, ingawa haikuwa na vumbi. Hata Bi. Eluned alikuwa amefunga mwavuli taratibu.

"Utapika nini?" mzee aliuliza, bila kuinua uso.

"Cawl, Mzee. Kama nitapata shingo."

"Nyama ya shingo inahitaji moto mdogo. Ukiharakisha inakuwa kamba za viatu."

"Sitaharakisha."

"Hm." Mzee alivaa kofia, akasimama, akampita Iestyn hadi mlangoni. Hapo alisimama, mgongo kwao. "Jumamosi uje mapema. Shingo huisha upesi, na mimi simwekei mtu."

Bi. Eluned alimshika Iestyn mkono kabla mtu mwingine hajapata wazo. "Juu ya duka langu kuna kitanda," alisema. "Na blanketi unalijua."

Lleucu alifunga soko mwenyewe. Mvua ilikuwa imekata na mawe ya Barabara ya Juu yaling'aa chini ya taa za maduka, moja baada ya jingine hadi chini mtoni, na alitembea katikati ya barabara kwa sababu ilikuwa yake. Kwenye kona ya kanisa aligeuka. Iestyn alikuwa dirishani, ghorofani kwa Bi. Eluned, taulo begani, anamtazama. Hakumpungia mkono. Alisimama palepale chini ya taa, kidevu juu, akamwachia amtazame kadiri atakavyo, kisha akashika njia ya nyumbani.